Asiyejua Kukokotoa Mshahara Asisimamie Watu

Kuna imani iliyoota mizizi katika ofisi zetu, kuanzia viwanda vya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam hadi hoteli za Arusha na maghala ya Mwanza. Inasema mshahara ni hesabu, na hesabu ni kazi ya mhasibu. Mahudhurio nayo ni kazi ya mashine ya alama za vidole iliyopachikwa mlangoni. Afisa rasilimali watu, kwa imani hiyo, amesomea mambo makubwa zaidi: kuajiri, kupima utendaji, kulea vipaji, kukaa na uongozi kupanga mikakati. Akikutwa na kikokotoo mezani, anaonekana ameshushwa cheo. Wahitimu wengi wanatoka chuoni wakiiamini hivyo, na mabosi wanaowapokea wanaiamini zaidi.

Naipinga imani hiyo yote, si nusu yake. Afisa rasilimali watu asiyeweza kuchukua mahudhurio ya mtu mmoja ya mwezi mzima, akayageuza kuwa saa, saa akazigeuza kuwa shilingi, akatoa makato, kisha akamweleza mwenye mshahara mstari kwa mstari, hajaiva kwa kazi aliyopewa. Mambo makubwa anayotaka kuyafanya hayatasimama, kwa sababu mfanyakazi hupimia uadilifu wa mwajiri wake kwenye slipu kabla ya kuupimia kwenye hotuba.

Tazama kinachotokea tarehe mishahara inapotoka. Kijana wa mashineni anafika dirishani na slipu yake. “Dada, samahani. Mwezi huu nimefanya ovataimu wiki mbili za usiku, mbona hela ni ileile?” Dada anaitazama slipu, anaigeuza, anamwambia aende uhasibu. Uhasibu wanamjibu, “Sisi ndugu yetu tunalipa tulicholetewa, rudi rasilimali watu.” Akirudi anaambiwa mfumo ndio uliokokotoa, na mfumo haukosei. Kijana anarudi mashineni. Tayari ameshajua kwamba katika jengo zima hakuna mtu mmoja anayeweza kumwambia saa yake moja inauzwa shilingi ngapi.

Wanaosema mfumo haukosei wajaribu hesabu moja, na ni ya kiwango cha shule ya msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ndani ya siku 6. Zinazozidi hapo ni saa za ziada, na kila moja hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, jedwali la sheria hiyo linataka mshahara wa msingi ugawanywe kwa 4.333 zidisha saa anazofanya kwa wiki. Kwa mtu wa saa 45, kigawanyo kinakuwa 195. Mwenye mshahara wa msingi wa Sh390,000, saa yake moja ni Sh2,000, na saa ya ziada ni Sh3,000.

Sasa mpe mtu asiyelijua jedwali hilo afanye hesabu hiyo hiyo. Atagawa kwa siku 30, kisha kwa saa 9. Atapata Sh1,444 kwa saa, na saa ya ziada itakuwa Sh2,167. Kila saa ya ziada imepungua Sh833. Mfanyakazi aliyefanya saa 30 za ziada kwa mwezi amepoteza karibu Sh25,000. Kiwanda chenye watu 200 wa namna hiyo kinabaki na Sh5 milioni zisizo zake kila mwezi, Sh60 milioni kwa mwaka, bila mtu yeyote kukusudia kuiba. Kompyuta iliambiwa igawe kwa 270 nayo ikagawa kwa 270, kwa usahihi kamili, mwezi baada ya mwezi.

Swali langu ni nani aliyeiambia. Mara nyingi ni fundi wa kampuni iliyouza programu, aliyefika siku ya kufunga mfumo, akauliza “hapa mnagawa kwa ngapi?” na hakumkuta wa kumjibu. Mhasibu alidhani ni jambo la sheria ya kazi, afisa rasilimali watu alidhani ni jambo la hesabu. Fundi akaweka alichokizoea, akaondoka. Hapo ndipo maarifa ninayoyadai yalipohitajika, kwa dakika kama tano hivi, na hayakuwepo.

Nenda hatua moja zaidi, kwenye maneno “mshahara wa msingi”. Sheria inautenganisha na posho, na malipo ya muda wa ziada, na nyongeza ya usiku, na nyongeza ya sikukuu. Mwajiri mjanja anaijua tofauti hii vizuri. Anamwandikia mtu mkataba wa Sh390,000 zikiwa zimegawanywa: msingi Sh250,000, zinazobaki ni posho ya nyumba na ya usafiri. Mkononi mfanyakazi haoni tofauti. Lakini saa yake ya ziada imeshuka kutoka Sh3,000 hadi Sh1,923, na mafao ya kuachishwa kazi, ambayo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, yameshuka pamoja nayo. Mkataba huo ulipita mezani kwa nani kabla ya kusainiwa? Kwa afisa rasilimali watu. Aliusoma kama karani anayehakiki majina na tarehe, kwa kuwa alishaaminishwa kwamba tarakimu si zake. Mhasibu aliuona mwezi mmoja baadaye, ulipokuwa umeshasainiwa.

Mfano unaoniumiza kuliko yote ni wa walinzi. Mlinzi anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Hizo ni saa 72. Mwajiri atasema kuna saa moja ya mapumziko kila zamu, kwa hiyo ni 66. Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na ni kweli mwajiri halazimiki kuyalipia. Isipokuwa, na hapa ndipo penye uzito, pale anapomtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kwa kazi katika muda huo. Mlinzi anayekula ugali wake getini, funguo kiunoni, macho barabarani, hajapumzika. Saa ile ni ya kazi na inahesabiwa.

Hata tukikubali saa 66, hesabu bado inagoma. Saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki 4, yaani wastani wa saa 12 na nusu kwa wiki. Ziongeze kwenye 45, unapata 57 na nusu. Ratiba ya mlinzi imeshavuka mpaka huo kabla hata hatujauliza kama amelipwa. Sheria ina nafasi ya wiki iliyobanwa, ya hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, lakini inataka makubaliano ya maandishi, haivuki siku 5, na saa za kawaida zinabaki 45. Kisha kuna nyongeza ya usiku: kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa asilimia 5, na ikiwa saa hiyo ni ya ziada, asilimia 5 inakokotolewa juu ya kiwango cha saa ya ziada. Kwa mtu wetu wa Sh2,000 kwa saa, saa ya ziada ya usiku ni Sh3,150. Akiitwa siku yake ya mapumziko au sikukuu, ni mara mbili.

Hakuna programu ya kompyuta itakayomwita mkurugenzi kando na kumwambia, “Mzee, ratiba hii haiwezi kuhalalishwa hata tukilipa kila saa.” Anayeweza kuyasema maneno hayo ni mtu mwenye sheria kichwani na ratiba mkononi. Kama afisa rasilimali watu hawezi kuyasema, hakuna mwingine atakayeyasema hadi siku mlinzi atakapofika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Nije kwenye mashine yenyewe ya mlangoni, maana imani kwayo ni kubwa kupita kiasi. Mashine inajua kidole kimegusa kioo saa ngapi. Haijui kama mtu alikuwa kazini. Aliyefika saa 12 na nusu asubuhi kwa sababu daladala za baadaye hujaa, akakaa kivulini hadi saa 1, na aliyefika saa hiyohiyo kwa sababu msimamizi alimwambia awashe mitambo, mashine inawaona sawa. Mmoja anadai nusu saa, mwingine hadai. Zamu ya usiku inavuka saa 6 usiku, na mfumo ambao haukupangwa vizuri unaona siku mbili pungufu, ya kwanza haina kutoka, ya pili haina kuingia, na unamwandika mtu mtoro siku zote mbili. Wafanyakazi wa saruji, wa mkonge, wa jikoni, wamefutika alama za vidole kwa kazi yenyewe, kwa hiyo wanarudishwa kwenye daftari. Katika daftari msimamizi anaandika “saa 1”, akimaanisha saa 1 asubuhi kama Mswahili yeyote, na karani wa kuingiza takwimu anabonyeza 01:00, saa 7 za usiku. Nimeyaona makosa ya aina hii yakikaa kwenye kumbukumbu miezi mingi. Waliokuwa wanazikagua walikagua kama nafasi zote zimejazwa, hawakukagua kama zinaleta maana.

Kuna pia lile tangazo linalobandikwa ukutani: ovataimu isiyo na kibali hailipwi. Wenye matangazo hayo warudi kwenye sheria. Inazungumzia saa ambazo mwajiri anamtaka mfanyakazi azifanye, au anamruhusu. Msimamizi anayemwona mtu bado yuko kwenye mashine saa 1 jioni, akanyamaza, akapokea mzigo uliotengenezwa, ameruhusu. Hivyo ndivyo ninavyoisoma mimi, na sioni namna nyingine ya kuisoma kwa haki. Kibali ni utaratibu wa ndani wa kumdhibiti msimamizi. Hakigeuzi kazi iliyofanyika kuwa haikufanyika.

Nani anashika muda wa mfanyakazi? Swali hili ni la zamani hapa kwetu. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika enzi za Mwingereza, kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30, na mshahara ulikuja nafasi zikijaa. Kazi ya siku ilipimwa kwa mgao. Nyapara akiona mgao haukukamilika, siku ile haikuandikwa, hata kama mtu alitoka jasho tangu alfajiri. Aliyekuwa na kalamu ndiye aliyekuwa na mshahara. Sheria ya leo imemwondolea nyapara mamlaka hayo na kumpa mwajiri wajibu wa kutunza kumbukumbu, wajibu unaoendelea kwa miaka 5 hata baada ya mtu kuondoka. Lakini pale ambapo ofisi ya rasilimali watu haisomi kumbukumbu hizo, kalamu imerudi kwa nyapara, safari hii akiwa na cheo cha msimamizi wa zamu.

Na nyapara huyu anapenda faini. Ukichelewa dakika 15, unakatwa nusu siku. Ukirudia, siku nzima. Kifungu cha makato katika sheria ya 2004 kinataja yanayoruhusiwa: yaliyowekwa na sheria, na makubaliano ya pamoja, na amri ya mahakama na mengine ya namna hiyo, au deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi. Hata hasara aliyoisababisha kwa kosa lake haikatwi mpaka aandikiwe chanzo, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato hayo yasivuke robo ya ujira wake wa fedha. Dakika 15 ambazo hakuwepo, mwajiri anaweza kutozilipia. Saa nyingine anazokatwa juu ya hizo ni adhabu ya fedha isiyo na mahali pa kusimama. Afisa rasilimali watu anayeruhusu makato hayo yapite kwenye orodha ya mishahara kila mwezi, kisha akafundisha semina ya nidhamu kazini, anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine.

Watetezi wa imani ninayoipinga wana hoja moja nzito, na naiheshimu. Wanasema: kutenganisha majukumu ni kinga dhidi ya wizi. Anayeajiri asilipe, anayelipa asiajiri. Mkimfundisha mtu wa rasilimali watu kukokotoa mishahara, mnamkabidhi funguo mbili za mlango mmoja.

Kutenganisha majukumu ni sahihi. Kutenganisha maarifa ni maangamizi. Kinga ya mikono miwili inafanya kazi pale tu ambapo kila mkono unajua mwingine unafanya nini. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alipoagiza uhakiki, Serikali iliondoa kwenye orodha yake ya mishahara zaidi ya watumishi hewa 10,000 ndani ya miezi michache. Wakati huo mishahara ya umma ilikuwa tayari inapita kwenye mfumo wa kompyuta, ule uliojulikana kwa jina la Lawson. Majukumu yalikuwa yametenganishwa, hazina upande mmoja na waajiri upande mwingine. Mfumo ulilipa kila jina lililokuwamo. Aliyefariki, aliyestaafu, aliyeacha kazi na kuhamia mji mwingine, wote walikuwa hai mbele ya mfumo kwa kuwa hakuna aliyeuambia vinginevyo. Baadhi ya majina hayo yalibakizwa kwa hila, sina shaka. Lakini hila inahitaji giza, na giza ni afisa utumishi anayepokea orodha ya mishahara ya kituo chake, akatia saini, bila kuilinganisha jina kwa jina na watu anaowaona wakija kazini. Waliokuwa na uwezo wa kuona hawakuwa hazina Dar es Salaam. Walikuwa katika halmashauri, shuleni, zahanati, kwenye madaftari ya mahudhurio.

Kwa hiyo mhasibu abaki na ufunguo wake. Mtu wa rasilimali watu asiingize malipo benki, asiidhinishe fedha. Lakini awe na uwezo wa kuirudia hesabu yote kwa mkono na kusema, “Hapa hapana.” Mkaguzi asiyejua kinachokaguliwa hajamzuia mwizi yeyote.

Hoja ya pili ni ya mfumo: tununue programu bora zaidi, tupunguze watu. Wanaoitamka waitazame Kanada, nchi ambayo haikukosa fedha wala wataalamu. Mwaka 2016 serikali yake ya shirikisho iliwasha mfumo wa mishahara ulioitwa Phoenix. Kabla ya hapo ilifuta nafasi 1,200 za washauri wa mishahara waliotawanyika katika wizara na idara, watu waliojua makubaliano ya kila chama cha wafanyakazi na mazoea ya kila zamu. Badala yao ikaweka kituo kimoja katika mji wa Miramichi chenye mamia machache. Ahadi ilikuwa kuokoa dola milioni 70 kwa mwaka. Kilichofuata ni maelfu kwa maelfu ya watumishi waliolipwa pungufu, waliozidishiwa, au wasiolipwa kabisa, na gharama ya kusafisha iliyopanda hadi mabilioni. Mkaguzi Mkuu Michael Ferguson, katika ripoti yake ya 2018, aliona ni kushindwa kusikoeleweka. Mimi naona sehemu moja inaeleweka vizuri sana: walifukuza maarifa kwanza, kisha wakawasha mashine, na mashine ilipokosea hakukuwa na mtu wa kulitambua kosa.

Na sheria haikai mahali pamoja ili programu ipate kupumzika. Majirani zetu wa Kenya walianza kukatwa tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 katikati ya mwaka 2023. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha Katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuongeza muda wa kuendelea kukata. Machi 2024 ikatungwa sheria mpya na makato yakarudi. Oktoba ikaja michango ya afya ya asilimia 2.75 ya mshahara badala ya viwango vya zamani vya mfuko wa bima ya afya, NHIF, na kabla mwaka haujaisha yote mawili yakabadilishwa namna yanavyoingia kwenye kodi. Katika mwaka kama huo, ofisi inayomtegemea muuza programu inasubiri. Inakata isichopaswa kukata, au haikati inachopaswa, na mwenye slipu ndiye anayelipia kusubiri huko.

Hapa Tanzania mabadiliko ni ya taratibu zaidi, lakini uzembe unagharimu vilevile. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unatolewa kabla ya kodi. Mwenye Sh600,000 anachangia Sh60,000, kodi inahesabiwa kwenye Sh540,000, na kwa viwango vya sasa inakuwa Sh24,000. Asiyejua mpangilio huo anatoza kodi kwenye Sh600,000, inakuwa Sh36,000. Tofauti ni Sh12,000 kila mwezi, mfuko mzuri wa unga. Na nani atamwondolea mfanyakazi ule woga wa kwamba akiongezwa mshahara au akifanya saa za ziada ataingia daraja la juu la kodi na kubaki na kidogo kuliko mwanzo? Nimesikia watu wazima wakikataa zamu kwa woga huo. Kiwango cha juu kinatozwa kwenye kile tu kilichozidi mpaka, hakigusi kilicho chini yake. Maelezo haya ni ya sentensi mbili, na afisa rasilimali watu anapaswa kuwa nayo mdomoni kama salamu.

Yapo madhara ambayo hayaonekani kwenye slipu ya mwezi huu. Pensheni ya NSSF inataka miezi 180 ya michango. Miezi ambayo mwajiri alikata bila kupeleka, au alipeleka kwa namba isiyo sahihi, inafichuka mtu akiwa na miaka 60 na nguvu za kufuatilia zimekwisha. Ofisi inayokagua orodha ya michango dhidi ya orodha ya watu kila mwezi inakamata kosa hilo likiwa la mwezi mmoja. Inayosema “hayo ni ya uhasibu” inaliacha likue pamoja na mtu.

Sina mengi ya kusema kuhusu wanaopeleka kazi yote ya mishahara kwa kampuni za nje. Unaweza kumlipa mtu akukokotolee. Mbele ya sheria, mwajiri unabaki kuwa wewe.

Inabaki ile hoja ya heshima, kwamba mtu wa rasilimali watu ni mshirika wa mikakati na asipotezewe muda na saa na senti. Wanaoisema hupenda kumtaja Dave Ulrich, Mmarekani aliyeandika mwaka 1997 kuhusu rasilimali watu kuwa mshirika wa mikakati. Wamesoma robo. Ulrich aliweka majukumu manne, na mojawapo ni umahiri katika utawala wa kila siku, kuhakikisha mambo ya msingi yanafanyika sawasawa na kwa gharama ndogo. Jingine ni kuwa sauti ya wafanyakazi. Mshirika wa mikakati asiyejua saa za ziada zinagharimu kiasi gani kwa zamu, ni idara gani inachosha watu, ni mwezi gani utoro unapanda na kwa nini, atapeleka mkakati gani mezani? Mahudhurio na mishahara ndiyo takwimu za kweli kuliko zote alizonazo. Ndani yake kuna msimamizi anayewalazimisha watu kukaa hadi usiku, kuna karakana yenye wagonjwa wengi kuliko kawaida, kuna mashine inayoharibika kila Jumatatu. Asiyeweza kuzisoma ataishia kusambaza dodoso za kuuliza watu wanajisikiaje, na majibu alikuwa nayo tangu mwanzo.

Vyuo vinavyotoa shahada za rasilimali watu viweke somo hili kuwa la lazima na la vitendo. Mwanafunzi akabidhiwe daftari la mahudhurio la zamu tatu lenye makosa ndani yake, mikataba ya watu kumi, sheria, na siku mbili. Atoke na orodha ya mishahara anayoweza kuitetea mbele ya mwalimu anayejifanya mfanyakazi mwenye hasira. Mabosi nao, badala ya kumuuliza mwombaji anajiona wapi baada ya miaka mitano, wampe karatasi yenye mshahara wa msingi wa Sh390,000, saa 10 za ziada, 4 kati yake za usiku, na sikukuu moja ya saa 9 aliyofanya kazi. Bila kompyuta. Kisha wamwombe aeleze alivyopata kila tarakimu kana kwamba anamweleza mpishi au dereva. Anayeweza aajiriwe. Asiyeweza arudi kujifunza, na hadi ajifunze asipewe watu wa kusimamia.